Januari ya Mpishi

Walipoingia ndani ya kalenda, Mize hakustuka. Mdogo wake alikwisha kumwambia kwamba njia itapinda kushoto, kisha itateremka, kisha mawe yatakuwa mekundu. Na kweli njia ikapinda, ikateremka, na mawe yakawa mekundu. Majabali mawili makubwa yalisimama huku na huku, yamepeana migongo kama watu waliokosana, na vichwani mwao imekaa theluji. Barabara ilipita katikati yao. Upande wa chini, pale ambapo ukutani kwao palikuwa na tarehe, sasa palikuwa na bonde jeupe lisilo na tarehe hata moja.

"Ndipo?" aliuliza Sefu, mikono kwenye usukani.

"Ndipo hapa hapa," Mize akasema. "Ila picha yetu ilikuwa na tone la mafuta. Pale, juu ya jabali la kulia."

"La samli."

"La samli, ndiyo. Kumbe unalikumbuka!"

"Nilipigwa kwa ajili yake, nitalisahau vipi?"

Wakacheka wote wawili, na Sefu akapunguza mwendo ili wasiimalize picha upesi.

Sasa wewe unayesoma, usiniulize watu wazima wawili, mmoja na wajukuu, wameingiaje ndani ya picha ya ukutani. Waliingia kwa gari. Walikuwa wamefunga mikanda, hita inawachoma miguu na migongo inaganda, na kati yao kuna chupa ya chai ya tangawizi. Nimekwambia ninachokijua. Mambo mengine ukiyakazania macho yanaondoka, na mimi sina nguvu ya kuyafukuza.

Kalenda yenyewe ilitoka duka la rangi. Baba yao, Shomari, alikuwa mpishi wa shughuli, yule anayeitwa mtaa huu na mtaa ule watu wakioana au wakifiwa, akaja na miiko yake mirefu na masufuria ambayo mtoto angeweza kulala ndani. Mwenye duka la rangi alimwoza binti yake, Shomari akapika biriani la watu mia sita lisiungue hata ukoko, na kwa furaha yake yule bwana akamzawadia kalenda. Picha ya Januari ilikuwa ya nchi ya mbali isiyoandikwa jina, mawe mekundu yamevaa theluji. Mwezi ulipokwisha, Mize, mtoto wa miaka sita aliyejifunza juzi tu kusoma majina ya miezi, alipanda kigoda ili afunue Februari.

"Iache," baba akasema.

Akaiacha. Februari ikaja ikapita nyuma ya Januari, na Machi nayo, na mwaka ukaisha, na miaka mingine karibu arobaini ikapita kwa mtindo huo huo. Sefu alizaliwa Januari. Mama yao alifariki Januari. Mfungo ulianza Januari, na sikukuu zote mbili zikaangukia Januari, na mgeni aliyeuliza leo tarehe ngapi alielekezwa nyumba ya jirani, kwa Bi Kazija, ambako miezi ilikuwa ikienda kama kwa watu wengine.

Shomari alirudi kutoka kazini jioni macho mekundu, shati linanuka moshi na iliki, mikono imejaa alama za mvuke. Alikuwa haongei kwanza. Alikaa kwenye benchi, akanyoosha miguu, akaielekea ile picha, akashusha pumzi mpaka mabega yakalegea. "Haa," alisema. "Hapa ndipo ninapopumzikia." Nao watoto wakajua kwamba baba amekwenda, kwamba kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa baba hayumo kwenye nyumba, yumo kwenye baridi ile, na wakapita kwa vidole vya miguu wasimrudishe. Jamani, mtu anayeshinda mbele ya moto miaka yake yote, umnyime na theluji ya ukutani?

Ila yeye mwenyewe hakukubali kwamba ni theluji. Hapo ndipo ugomvi wa kila siku ulipokuwa. "Muulizeni mpishi yeyote," alisema. "Hayo ni makaa. Yamepaliwa, yakakaa mpaka yakafanya jivu juu. Ukiona makaa ya namna hiyo, ujue chini yake kuna kitu kinaiva."

"Kitu gani, baba?"

"Hilo anajua mwenye sufuria."

Mize alilifikiria jibu hilo utoto wake mzima. Aliwaza kwamba dunia imefunikwa, na juu ya kifuniko yamepaliwa makaa, na sisi tulio chini tunasikia joto tu tukidhani ni jua. Aliwaza nani atakuja kufunua, na kama atabisha hodi kwanza. Na sasa, akiwa na miaka hamsini na minne, anapita kwa gari juu ya kifuniko chenyewe, upande wa makaa, na makaa yamepoa. Ajabu ni kwamba hakuona raha. Alipatamani mahali hapa miaka yote kwa sababu baba alipatamani, na sasa yuko hapa, na baba hayupo. Akajikuta anaitamani ile benchi.

Kibao kikatokea kando ya njia. Vibao vya nchi ile havikuandika maili. Kiliandika: *miaka arobaini na minane.*

Mize akatazama chini, akaona miguu yake haifiki sakafu ya gari. Ilikuwa inaning'inia, midogo, na kandambili moja imekatika kamba. Akaikunja chini ya kiti. Sefu hakuona kitu, alikuwa anapambana na waipa iliyojaa barafu.

"Mbona umenyamaza?" akamwuliza.

"Natazama."

Alikuwa anaogopa, hiyo ndiyo kweli. Siku kumi na moja yuko nchi hii ya baridi kwa mdogo wake, na siku kumi na moja amekalia neno. Amemletea haluwa, akaitoa siku ya kwanza. Amemletea kikoi na picha za harusi ya mpwawe, akavitoa siku ya pili. Kilichobaki ni salamu ya Bi Kazija, na hiyo hakuweza kuitoa. Bi Kazija ni mgonjwa, kitandani hatoki tena, na kabla Mize hajasafiri alimshika mkono akamwambia: mwombe Sefu radhi kwa ajili yangu, nisije nikaondoka na kinyongo chake.

Maana Sefu alimlaumu Bi Kazija kwa kifo cha baba yao. Miaka tisa sasa. Siku ile Shomari alianguka peke yake jikoni, mwili umepooza upande mmoja na ulimi umekufa, akalala sakafuni tangu adhuhuri mpaka magharibi, na aliyekuwa na kawaida ya kumpitia mchana ni jirani yake, Bi Kazija. Siku ile hakumpitia. Sefu alikuwa huku mbali, anaendesha malori kwenye barafu, hakuwahi hata kuzika. Akapiga simu, akauliza: hakupita mtu hata mmoja mlangoni? Mize akamjibu: hakupita mtu. Basi Sefu akaapa. Salamu za yule mama hakuzipokea tena, na hata kwenye arobaini aliagiza asikanyage pale. Bi Kazija hakukanyaga.

Na mtu alipita. Ndilo neno alilolikalia Mize.

Katika nyumba ya Shomari kulikuwa na sheria moja, na sheria yenyewe ilikuwa hodi. Kila nyumba ya kwetu ina hodi, sikatai. Lakini ya Shomari ilikuwa na vipimo vyake. Ukipiga ya kwanza, ngoja kiasi cha mtu kujifunga shuka. Ukipiga ya pili, ngoja kiasi cha mtu kumalizia sala. Ukipiga ya tatu, ngoja kiasi cha mtu kuamua. Usipojibiwa, rudi ulikotoka. Usisukume mlango, usichungulie dirishani, usizungukie uani ukajifanya unatafuta kuku. "Mwenye nyumba," alikuwa akiwaambia wanawe, "ana haki ya kutokuwepo hata akiwa yupo."

Siku moja Mize, umri wa miaka kumi, aliingia mbio na karatasi ya shule: amekuwa wa kwanza. Baba hakuitazama. Alimrudisha nje. Mtoto akapiga hodi, akangoja. Akapiga tena, akangoja. Akapiga ya tatu, na Shomari, ambaye alikuwa amekaa kwenye benchi nyuma ya mlango, akanyamaza kimya kwa makusudi. Mize akasikia hata anavyomeza kahawa. Akageuka na karatasi yake, machozi yanamtoka, akaenda kukaa kwa Bi Kazija. Baba akamfuata kule, akambeba juu juu mbele ya watu, akasema, "Mnamwona huyu? Huyu ndiye mwanangu hasa!" Katika maisha yake yote, na harusi yake ikiwemo, Mize hakupata furaha iliyoifikia ile.

Watu wanaosema mtoto hufunzwa kwa fimbo hawajui wanachosema. Mtoto hufunzwa kwa kubebwa.

*Miaka thelathini,* kibao cha pili kikasema.

Gari zima likajaa harufu ya zafarani. Mize akaona hina mikononi mwake, mbichi bado, na kwa mbali, nyuma ya majabali, akasikia vigelegele na masufuria yanaburutwa. Ni siku yake. Baba alikataa mpishi mwingine ampikie bintiye. Akapika, akapakua, akala wa mwisho, akaja kumuaga hali jasho linamtiririka. Mize akageuka kumwambia mdogo wake, na kwenye usukani akaona mikono ya baba, alama za mvuke mpaka viwikoni. Hakuthubutu kuinua macho autazame uso. Alitazama ile mikono tu, ikikata kona polepole, na akasema moyoni: endelea kuendesha, baba, usinitazame, endelea hivyo hivyo.

Nani mwenyeji wa dunia hii? Ndilo swali lililomkaa, na lilimjia vipande vipande, kama yajavyo maswali kwenye safari ndefu. Tunazaliwa bila kupiga hodi. Tunaondoka hatujaambiwa karibu tena. Katikati hapo tunasimama mlangoni kwa heshima, mikono tumeifunga, tukingoja sauti. Na kama mwenyeji yumo, ameanguka sakafuni, hawezi kusema? Na kama anatusikia?

Kibao cha tatu hakukiona vizuri, theluji ilikuwa imekifunika nusu. Aliona neno moja tu: *tisa.* Sefu akakanyaga breki.

Mbele yao korongo lilikuwa limebanana, upana wake gari moja, na mlangoni mwake limesimama greda la manjano. Akashuka mtu mfupi mwenye koti la rangi ya chungwa, mkono mmoja kiunoni, uso umekunjamana kwa hasira za siku nyingi.

"Pamefungwa," akasema. "Sijamaliza kuzoa."

"Utachukua muda gani, bwana?" Sefu akauliza.

"Muulize mgongo wangu. Mna kitu cha moto?"

Mize akammiminia chai. Yule mtu akaipiga funda moja, macho yakamtoka.

"Mmetia nini humu?"

"Tangawizi."

"Toba! Mnataka kuniua na kazi haijaisha?" Lakini akanyoosha kikombe aongezwe. Akainywa yote, huku analalamika, kisha akaonyesha ndani ya korongo kwa kidevu. "Si theluji peke yake inayonichosha. Humu sauti hazipotei, zinaganda. Watu wanapita wanaimba, wanatukanana, wanaitana majina, yote yanabaki humo mpaka nije kuyazoa. Jana nimezoa kicheko cha bibi mmoja, kizito, nusura kinivunjie koleo." Akarudisha kikombe. "Ngojeni hapo. Na msipige kelele, mnaniongezea kazi."

Akapanda greda lake, akalirudisha kando, akaanza kuhangaika na mtambo uliokataa kuwaka. Mlango wa korongo ukabaki wazi.

Mize akashuka. Baridi ikampiga kifuani, akajifunika ushungi na khanga mbili juu yake, akatembea mpaka pale mawe mawili yanapokaribiana. Ndani palikuwa na kivuli chekundu. Hakuwa na shida ya kuingia. Alikuja kutazama tu. Lakini ni Mize binti Shomari, na mbele yake kuna mlango, na mdomo wake ukafanya uliyofundishwa.

"Hodi!"

*Hodi,* korongo likajibu.

Nyuma yake Sefu akaangua kicheko. "Dada! Unampigia nani hodi? Majabali?"

Mize hakugeuka. Alingoja kiasi cha mtu kujifunga shuka. "Hodi!"

*Hodi.* Sauti ilitoka ndani kabisa, ya mtu aliye nje ya mlango mwingine, naye anangoja aambiwe karibu. Mize akangoja kiasi cha mtu kumalizia sala.

"Hodi."

*Hodi.*

Kisha kimya. Na ndani ya kile kimya, huko mbele mahali pasipoonekana, kitu kikaanguka. Pu.

Kufumba na kufumbua Mize alikuwa anakimbia. Mama wa miaka hamsini na minne, magoti yenye maradhi, viatu vya kuazima, anakimbia kwenye theluji ndani ya korongo na khanga zinamvuka, anaita, "Baba! Nakuja! Baba!" Sefu akaacha mlango wa gari wazi, akamfuata. Alimkuta kwenye kona ya pili amepiga magoti mbele ya lundo la theluji lililoporomoka kutoka juu ya jabali, analichimba kwa mikono mitupu. Vidole vilikuwa vimeshaanza kutoka damu.

"Dada Mize! Unatafuta nini? Dada!" Akamshika mikono. "Ni theluji tu imeanguka. Hakuna mtu humo."

"Nilifika, Sefu."

"Wapi?"

"Siku ile. Saa nane mchana. Nilifika mlangoni kwa baba."

Sefu akamwachia mikono.

"Nilikuwa nimempelekea mchuzi wa kamba. Nikapiga hodi. Nikapiga ya pili. Nikapiga ya tatu, na nikangoja, wallahi niliingoja kwa vipimo vyake vyote. Hakuitika. Nikageuka." Mize alikuwa anatetemeka mpaka meno yanagongana, na maneno yakawa yanamtoka yamekatika. "Nimeshateremka ngazi, Sefu, nikasikia kitu kimeanguka ndani. Kifuniko. Kile kikubwa cha shaba. Nilikijua mlio wake. Nikasimama. Nikasema ni paka. Nikasema mwenye nyumba ana haki yake. Mchuzi nikaurudisha nyumbani, tukala."

Greda likawaka huko nje, likazimika tena.

"Alikisukuma," Sefu akasema polepole. "Kwa ule mkono uliobaki mzima."

"Ndiyo."

"Alikuwa anakwambia karibu."

Mize alikwisha kujiambia neno hilo miaka tisa, kila asubuhi, lakini hakupata kulisikia kwa mdomo wa mtu mwingine. Alikaa chini kwenye theluji. Sefu akamtazama. Kisha akageuka, akarudi alikotoka, hatua zake nzito, na Mize akasikia mlango wa gari unafungwa kwa kishindo.

Alibaki pale mpaka mapaja yakafa ganzi. Alifikiri kwamba amestahili. Alifikiri kwamba ataganda hapo hapo pamoja na sauti za watu, na yule mzoa theluji atakuja kumkuta, atalalamika mgongo. Na katika kufikiri huko akagundua kitu kilichomkasirisha, akakasirika hasa, yeye ambaye hakuwahi kumkasirikia baba yake hata siku moja. Kwa nini ulitufundisha hivyo? akamwambia. Ungeacha mlango wazi ungepungukiwa nini? Ulinibeba mbele ya watu, baba, ukanifanya nione ni fahari kugeuka! Akalia kwa sauti, na korongo likalia naye, na alipomaliza akajikaza akasimama.

Alipofika kwenye gari, vioo vilikuwa vimejaa mvuke. Sefu alikuwa ndani, paji la uso limelalia usukani, milango imefungwa. Mize akasimama upande wake na vidole vyake vya damu. Midomo ilitaka kuomba ruhusa. Hakuipa nafasi. Alivuta kitasa, akaingia, akakaa, akafunga mlango.

Sefu hakuinua kichwa. "Miaka tisa," akasema. "Miaka tisa nimemtukana mama wa watu."

"Ndiyo."

"Na wewe unanisikiliza kwenye simu. Unaitikia mh, mh."

"Ndiyo."

"Ungenambia lini? Akishakufa?"

"Ameniagiza nikuombe radhi kwa ajili yake. Ni mgonjwa sana. Nimeshindwa kuitoa hiyo radhi, Sefu, kwa sababu si ya kwake."

Sefu akainua uso, umelowa. Akatoa simu mfukoni. "Wewe sijui nitakwambia nini," akasema. "Wewe bado. Sina neno lako leo, pengine hata kesho. Nipe kwanza namba ya Bi Kazija."

Mize akamtajia tarakimu moja moja. Alikuwa anazijua kwa moyo. Sefu akapiga kwa spika, ikalia muda mrefu. Ilipopokelewa, kwanza wakasikia kikohozi, kisha sauti nyembamba, ya mtu anayesema akiwa amelala.

"Nani mwenzangu?"

"Shikamoo, mama. Ni Sefu."

"Sefu yupi?"

"Wa Shomari."

Halafu Bi Kazija akasema, "Marahaba, baba." Akavuta pumzi, akasema tena, "Marahaba," na mara ya tatu, na ya nne, mpaka sauti ikamkatika, na Sefu akaweka simu juu ya goti lake ili afute macho.

"Mama," akasema, "ile radhi usiniombe. Mimi ndiye wa kukuomba. Mize kaniambia. Alifika siku ile, akapiga hodi, akarudi."

"Kakwambia mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Alhamdulillahi," Bi Kazija akasema. "Sasa nitalala."

Mize na Sefu wakatazamana. "Ulikuwa unajua?" Sefu akauliza.

"Nilimwona, baba. Natoka zahanati na dawa zangu, namwona anakata uchochoro na bakuli lake. Nikasema ahaa, mzee kishaonwa na mwanawe. Mguu unaniuma, nikapitiliza kwangu kulala. Ningeingia mimi saa ile ningemkuta yu hai. Ndiyo maana nikakuomba radhi. Langu limo pia, si kwamba nimembebea mtu."

"Lakini mama, mbona hukusema? Nimekufukuza kwenye arobaini! Ungesema tu, Mize alifika."

"Niseme ili iwe nini? Wewe uko mbali, hasira zako zinanifikia kwa simu tu, nazizoea. Yeye namwona kila siku akipita pale mlangoni kwa baba yake, kichwa chini. Kishampoteza baba. Na mdogo wake pia nimpokonye?" Akakohoa kwa muda. "Yuko hapo?"

"Yuko hapa."

"Mpe simu."

Sefu akainyoosha simu bila kumtazama dada yake, na kwa mkono mwingine akaielekeza hita yote upande wake. Mize akaipokea kwa vidole visivyokunjika, akaiweka sikioni. Alitaka kuanza kwa shikamoo kama anavyopasa. Akajaribu, ikakwama, akajaribu tena, ikatoka pumzi tupu. Kwa miaka tisa alipita mbele ya dirisha la yule mama akidhani hakuna anayejua, na huyu alikuwa anajua, na kila asubuhi alimwita achukue kitumbua.

"Kama huwezi kusema usiseme," Bi Kazija akamwambia. "Nakusikia unavyohema. Niko hapa, mwanangu. Nakusikia."